Sifuri Tano za Nyakaziba

Zena mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, ulipopiga goti kwa utani ukasema, "Shikamoo Profesa," nami nikacheka nusunusu. Kwa hiyo naziruka. Naandika hapa kwenye meza ya chakula, saa tisa alasiri. Wewe umekwenda Ujiji kumuaga shangazi yako Mariamu kabla ya safari yako ya kesho ya masomo ughaibuni, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula, umeombewa dua na umefungashiwa mafuta ya mawese ambayo hawatakuruhusu kupanda nayo ndege ukishashuka kwenye treni. Nina kama saa tatu hivi.

Habari za sweta, za kula kwa wakati na za wanaume sitakuandikia. Hizo shangazi yako anakueleza sasa hivi, tena kwa mifano yenye majina ya watu.

Mimi naogopa, Zena. Nalisema mapema ili ukiona mwandiko umepinda usidhani ni uzee. Nimefundisha ikolojia miaka mingi kuliko umri wako. Nimesimama mbele ya wakubwa wa serikali nikawaambia mambo wasiyotaka kuyasikia. Nimezamia mahali ambapo juzi yake alionekana mamba. Kote huko sikuwahi kuogopa kama ninavyoogopa kurudi kwako jioni ya leo.

Miezi miwili iliyopita uliniingilia jikoni nikiwa nachambua dagaa. Unakumbuka? Ulikuwa na kompyuta yako mkononi, umeibeba kama sinia.

"Mama, nimeamua," ulisema. "Utafiti wangu utasimama juu ya hesabu zako za samaki wa Nyakaziba. Msimamizi wangu wa kule kaziona, anasema hajawahi kuona hesabu za mwezi hadi mwezi zisizokatika namna hii. Anasema ni hazina."

Nikasema hongera. Nikaendelea kutoa mawe kwenye dagaa.

"Ila nina swali dogo. Kuna mwezi mmoja, kabla ghuba haijafungwa kwa uvuvi. Kamba zote tano ni sifuri. Mwezi wa nyuma yake kuna viota vinne. Halafu ghafla sifuri, sifuri, sifuri mpaka kamba ya mwisho. Ndivyo ilivyokuwa kweli?"

"Ndivyo ilivyokuwa," nikasema.

Ukafurahi. Ukasema basi hapo ndipo penye roho ya utafiti wako, samaki aliyefika sifuri kisha akarudi. Ukanibusu shavuni ukatoka. Nikabaki nimesimama na ungo, mikono inanuka dagaa, maana mwezi ule mimi sikwenda Nyakaziba. Sikutia hata mguu majini.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu vipande vyake unavyo lakini hujawahi kuviona vikiwa pamoja.

Nilipoanza kazi hii, shangazi yako huyohuyo aliona aibu kupita nami barabarani. "Mwanamke mzima, mtoto wa Kiislamu, unazamia ziwani kama bata!" Alikuwa akiniambia hivyo mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nimempenda kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa letu. Sitakusimulia tena jinsi dume na jike wanavyolinda vifaranga vyao bila kula mpaka wanakonda na kufa, najua umeyasikia hayo hadi yamekutoka puani, na ulipokuwa na miaka kumi na mbili uliniambia kama ni kulinda watoto kwa njaa basi afadhali uzaliwe na ngege. Lakini nilimpenda kweli. Nilitaka kujua wanataga wangapi, wapi na lini, na kama nyavu za makokoro zinazoburutwa ufukweni zinawamaliza.

Nikapata ghuba ya Nyakaziba, na nikampata Mzee Bukuru. Wewe unamjua kama yule mzee wa kutuletea dagaa na maneno mengi. Kwangu ndiye aliyenifundisha ziwa. Kila mwezi, siku nilizopanga, alinipeleka kwa mtumbwi wake. Tulilaza kamba tano chini ya maji, kila moja mita hamsini, mahali palepale. Mimi nikishuka na miwani ya maji na mrija, nikifuata kamba na kuhesabu viota vya kuhe kulia na kushoto, naandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki. Yeye juu akikaa na kasia, akiangalia mapovu yangu na kuimba nyimbo za Kiha ambazo alikataa kunitafsiria. Tukirudi, nilihamishia namba kwenye daftari palepale mchangani kabla ya kunywa chai. Miaka ile ya mwanzo sikukosa mwezi hata mmoja. Nilikwenda na mimba yako. Nilikwenda na homa. Vijana wa idarani walianza kunitania kwamba Mama Zena akifa, mzimu wake utahesabu kamba ya tano ndipo uende kuzikwa. Nikajivunia utani ule. Sasa naona kwamba kilichoniharibu kilianzia hapo, kwenye kujivunia kutokukosa.

Ulipokuwa na miaka mitatu uliugua malaria ikakupanda kichwani. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa safarini na meli ya mizigo upande wa Kalemie na hakuwa na habari. Degedege lilikushika mara tatu siku ya kwanza. Nilikushika ulimi kwa kidole, jambo ambalo muuguzi alinigombeza kwalo, na alama ya meno yako ninayo mpaka leo kwenye kidole cha shahada, nikikuambia siku zote kwamba niling'atwa na samaki. Siku sita ulilala hospitalini. Siku ya nne ulifumbua macho ukaniita jina la jirani.

Tukarudi nyumbani. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu. Mzee Bukuru akaja asubuhi, hata chai hakunywa, akasimama uani akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mwalimu. Mtoto anaendeleaje?"

"Anakula uji."

"Imana ishukuriwe. Ziwa limetulia sana leo. Twende?"

Nikamwambia nimechoka. Akarudi kesho yake, nikamwambia hivyohivyo. Siku ya tatu hakuja, alijua.

Sikuwa nimechoka, Zena. Shangazi yako alikuwapo, angeweza kukaa nawe, na wewe ulishaanza kumfukuza kuku. Nilikuwa naogopa. Liliniingia wazo kwamba nikitia kichwa ndani ya maji, nikikitoa nitakuta umekufa. Ni upuuzi, nilijua ni upuuzi, mimi mwalimu wa sayansi. Lakini kila nilipoitazama ile miwani iliyoning'inia kwenye msumari, niligeuka nikarudi kukuangalia wewe. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Watu walikuwa wanasema yule mama hana woga kabisa.

Hofu ile hainitii aibu. Hata leo ningeogopa. Ukija kuzaa utaijua, na nisingependa uikimbie.

Kilichofuata ndicho kinachonitia aibu. Wiki ile ile kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu kufunga Nyakaziba, na mimi ndiye niliyetakiwa kupeleka hesabu. Nikakaa kwenye meza hii hii. Nikafungua daftari. Mistari mitano ya mwezi ule ilikuwa wazi, inanitazama. Neno moja tu lilihitajika, "sikwenda". Unajua wewe, maana umenisikia nikiwapigia wanafunzi kelele darasani: sifuri ni kitu ulichokwenda ukakitafuta ukakikosa, nafasi wazi ni mahali ambapo hukwenda. Ukivichanganya, umemtia maneno mdomoni samaki ambaye hukumwona. Nawafukuza watu darasani kwa kosa hilo. Kuna kijana alilia.

Nikaandika sifuri. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano.

Nilijiambia hata ningekwenda nisingeona kitu, kwa sababu mwezi wa nyuma yake viota vilikuwa vinne tu, na kabla ya hapo tisa, na kila mwezi vilikuwa vinashuka. Nilijiambia nasogeza tu mbele jambo ambalo litatokea lenyewe. Ninakuandikia haya kwa sababu siku moja nawe utajiambia maneno yanayofanana na hayo, na yatakuja na sauti ya akili, hayatakuja na sauti ya uongo. Mimi nilikuwa na sababu sita nzuri. Nilizihesabu.

Mkutano ulifanyika pale pale ufukweni, kwenye mchanga wanapoanikia dagaa. Nilibandika mchoro wangu kwenye ubao wa shule waliouazima. Mstari ulikuwa unashuka, unashuka, kisha unagonga chini. Nikawaambia watu, "Mwezi uliopita hapakuwa na kiota hata kimoja." Mvuvi anaweza kubishana nawe kuhusu wachache na wengi, lakini akisikia hakuna kabisa, anaogopa. Niliona wakiogopa. Nilijua kwamba nimeshinda.

Mzee Bukuru alikuwa amekaa mbele, miguu ameinyoosha. Yeye ndiye aliyekuwa na mtumbwi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Alinitazama, akatazama ule mchoro, akanitazama tena. Nikangoja anyooshe mkono. Jasho lilinitoka mpaka mtandio ukaloa. Hakunyoosha. Mwenyekiti alipouliza nani anaafiki ghuba ifungwe, yeye aliafiki pamoja na wengine, ilhali mwalo ule wa kuegesha mitumbwi ulikuwa wa kwake na wa baba yake.

Ghuba ikafungwa. Mwalo ukahamishiwa ng'ambo ya kilima, na uanikaji wa dagaa ukahamia huko. Kutoka kijijini ni kupanda na kushuka, na beseni la dagaa wabichi kichwani. Mke wa Mzee Bukuru, Mama Odeta, alipita njia ile masika mawili. Masika ya pili aliteleza kwenye udongo mwekundu, akavunjika nyonga. Waliiunga mganga mmoja na hospitali moja, na haikuungika vizuri kokote. Huyo ndiye Mama Odeta unayemjua, anayetembea kama aliyebeba ndoo ya maji upande mmoja.

Sasa utakumbuka siku niliyokuchapa. Ulikuwa darasa la tatu. Mama Odeta alikuwa ametuletea dagaa wa Idi, na alipotoka ukaanza kumwigiza uani, unavuta mguu, watoto wa jirani wanacheka. Nikatoka na kandambili. Nilikuchapa kupita kosa lenyewe, kupita kiasi cha mtoto yeyote, mpaka baba yako akanishika mkono akauliza, "Kuna nini, mama?" Nilisema ni adabu. Hujaisahau siku ile, najua, maana mwaka juzi uliitaja kama mzaha na macho yako hayakuwa na mzaha. Nilikuwa najichapa mimi, na mgongo ulikuwa wako. Nisamehe kwa hilo kwanza, hata kama hayo mengine hutaweza.

Halafu kuhe wakarudi. Hii ndiyo sehemu ngumu. Miezi ilipita, viota viwili, vinne, miaka ikapita, wakawa wengi kuliko nilivyowahi kuona, na wale niliwahesabu kweli, kwa macho yangu haya, naapa. Wakaja wageni kuangalia. Nikaitwa kwenye mikutano. Nikapandishwa cheo, nikawa Profesa, na kila nilipotoa mhadhara nilionyesha ule mchoro unaogonga chini na kupanda tena, na watu walinipigia makofi palepale penye uongo. Nikawa najificha nyuma ya samaki. Nilijiambia, wamerudi, basi yaishe. Pengine wangerudi hata ningeandika "sikwenda". Pengine watu wangekubali kufunga kwa viota vinne. Pengine wasingekubali. Hilo sitalijua kamwe, kwa sababu niliwanyima nafasi ya kuamua wakijua ninachokijua.

Nimekufundisha kushika penseli majini. Nimekufundisha kutofautisha vifaranga vya kuhe na vya wengine kwa madoa ubavuni. Nilifurahi ulipochagua kazi yangu, na nikaogopa siku hiyo hiyo, maana mtu anayechimba shamba lako ipo siku atafika ulipofukia.

Na ulipofika, ukaniuliza kwa upole kabisa, nikakudanganya usoni. Lile la kwanza niliidanganya karatasi. Hili la jikoni nilikudanganya wewe, ukiwa mtu mzima, ukiwa umenipa nafasi nzuri kuliko zote. Tangu siku ile silali vizuri. Unaniuliza mbona nimekonda, nakujibu ni sukari.

Wiki iliyopita nilikwenda Nyakaziba. Nilikuambia nakwenda kuwaaga akina Mzee Bukuru kwa niaba yako, na nilibeba kilo mbili za sukari na kitenge cha Mama Odeta. Ukweli ni kwamba nilikwenda kupima kama Mzee Bukuru bado atanyamaza. Ukishaanza kupekua zile hesabu, nilijua utakwenda kumhoji, ndivyo nilivyokufundisha, usimwamini profesa kabla hujaongea na mwenye mtumbwi.

Nilimkuta anashona wavu, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia. Nikazungumza habari za mvua, za bei ya mafuta, za mjukuu wake. Yeye anashona tu. Mwishowe akasema:

"Mwalimu, umekuja kuniziba mdomo kwa kilo mbili za sukari?"

Nikataka kucheka, sikuweza.

"Zena anakwenda kusoma kwa zile namba," nikasema.

"Najua. Alinipigia simu. Binti ana heshima yule, alianza na shikamoo mbili."

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama mwezi ule maji yalikuwa machafu. Nikamwambia mtandao unakata, nikazima." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nimemdanganya mwana wa mtu kwa ajili yako. Na simu ilikuwa safi kabisa."

Nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote. "Mzee wangu, siku ile ya mkutano, mbona hukusema?"

Mama Odeta alikuwa jikoni, tunamsikia akikohoa kwa moshi.

"Mtoto wako alikuwa ametoka kwenye kifo," akasema. "Nikasema moyoni, huyu mama hayuko sawa, tumwache kwanza. Akipata nguvu atasema mwenyewe. Nikangoja. Mwezi ukaisha, nikangoja. Mke wangu akaanguka, nikamwambia kuna kitu mwalimu atakuja kusema, akaniuliza kitu gani, nikamwambia ngoja." Akainua macho. "Mwalimu, mimi sikukufichia. Mimi nilikuwa nakungojea."

Nilirudi mjini nikiwa nimekaa nyuma ya pikipiki ya mtu nisiyemjua nikilia, na dereva akanishauri nimuombe Mungu anipe mume mwingine. Cheka, nimekuandikia ucheke.

Sasa nikuambie ninachokiogopa, kimoja kimoja, kwa sababu ukikitaja kinapungua kidogo.

Naogopa utanidharau. Hicho ndicho kikubwa, vingine vyote viko nyuma yake. Naogopa utakwenda huko ugenini, usiku wa kwanza ugeuke ukutani, useme yule si mtu niliyedhani. Naogopa wale wenye makokoro watasema Profesa alidanganya, basi ghuba ifunguliwe, na kuhe watakaokufa hapo watakuwa wangu pia. Naogopa yule kijana niliyemfukuza darasani, ambaye sasa ni mwalimu kama mimi, atalisikia. Naogopa jina lako, kwamba utakapojitambulisha watu watatazamana. Na naogopa utafiti wako umeanguka kabla hujapanda treni, na aliyeuangusha ni mama yako.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mpango, nao sasa unanichefua. Nilitaka kuisokomeza barua hii chini kabisa ya begi lako, ndani ya vile viatu vya mvua, uje uikute ukiwa umeshafika, mbali, usipoweza kunitazama. Mwishoni ningekuandikia, "Uamue wewe la kufanya." Lingesomeka kama heshima. Lakini Mzee Bukuru ameubeba ukimya wangu mpaka amezeeka nao, na mimi hapa nilikuwa natafuta mtu wa pili wa kuubeba, nikakuchagua wewe.

Kwa hiyo nimeacha kuandika kwa muda. Nimekwenda chumbani.

Nimerudi. Saa kumi na moja imepita.

Nimemwandikia mkuu wa idara yangu. Nimemwambia mwezi gani, kamba zipi, na kwamba ninaondoa mchoro ule kila ulikochapishwa. Nimeiandikia pia kamati ya kijiji, na Jumamosi nitakwenda Nyakaziba nisimame kwenye mchanga uleule. Nimempigia Mzee Bukuru awaite watu. Akasema nije na viatu vya kupandia kilima, nipite njia ya mwalo mpya, nisije kwa mtumbwi. Nikasema nitapita. Mama Odeta nitamwambia kabla ya wote, nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Sijui nitamwambia kwa maneno gani.

Barua ya tatu ilikuwa ya msimamizi wako. Nilikuwa nimekusudia kuitunza mpaka usome hii, kisha niitume mbele yako. Halafu nikafikiri. Wewe unanipenda. Ungesoma, ungelia, kisha ungesema, "Mama, usitume. Nitabadilisha mada, hakuna atakayejua." Ungesema hivyo kwa kunihurumia. Na mimi najijua, Zena. Mwanangu ukiniomba kitu huku unalia, sina uwezo wa kukataa, sijawahi kuwa nao tangu siku uliponiita jina la jirani. Ningekubali, na tungekuwa wawili.

Kwa hiyo nimeituma. Imekwenda, haiwezi kurudi. Nimemwambia kwamba hukujua kitu, kwamba uliniuliza na nikakujibu uongo, na kwamba swali lako ndilo lililonitoa mafichoni. Hesabu za miezi mingine zote ni za kweli, na daftari zote nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni, uzipekue upya bila kuniamini. Pengine utapata utafiti mwingine ndani yake. Pengine utamkuta samaki ambaye mimi sikumwona kwa kuwa nilikuwa nazikodolea macho sifuri zangu.

Umefika. Nasikia sauti yako uani, unamwambia jirani shangazi amekupa mawese lita tano. Moyo wangu unapiga kama wa mtoto aliyevunja sahani. Bado naweza kuikunja karatasi hii nikaiweka kifuani, nikakuuliza habari za Ujiji, tukala, tukalala, na kesho nikakupungia mkono stesheni.

Unauliza kama kuna chai. Ipo, mwanangu. Lakini kaa kwanza hapa mbele yangu, usome, nami sitakwenda popote.